Mliaji wa Safu ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejua kwamba filamu huanza na bango. Mimi mjinga nilidhani huanza na hadithi.

Mjomba ana ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira inapanda na ngazi mpaka kwenye chai. Ukutani ametundika bango: mwanamke analia, nyuma yake nyumba, juu yake anga jeusi. Filamu yenyewe haijaandikwa hata mstari. "Kwanza tujue tunauza nini," kasema, "halafu ndiyo tutengeneze cha kuuza."

Anayejua tunauza nini ni Mtu wa Soko. Huyu havui miwani ya jua hata akiwa ndani, sijui anajikinga na mwanga gani, maana mule ofisini balbu ni moja. Amechora mwanamke kwenye ubao na kumbatiza Mama Chozi. Ana miaka thelathini na minane, watoto wawili, mume asiye na maneno na simu yenye ufa. Huyo ndiye mtazamaji wetu. "Mama Chozi haji sinema kuona jambo jipya," akatufundisha. "Anakuja kulia mahali ambapo hakuna atakayemuuliza una nini." Kwa hiyo kila tiketi itatoka na leso yenye jina la filamu. Mjomba alipiga makofi. Mimi nilitazama viatu vyangu, kama kawaida yangu.

Niko pale kwa sababu nimemaliza mtihani, nasubiri matokeo, na Mama kachoka kuniona chumbani. "Nenda kwa mjomba wako ukajifunze kuongea na watu," kaniambia. Mjomba naye kanipa kazi ya mtu asiyeongea: kuandika maneno ya chini ya picha, kwa lugha ya shule, ili wanunuzi wa mbali waelewe wanaolia wanalilia nini.

Jumatano, 5 Machi

Mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imeanza, nyumbani kwa Bibi, kwa kuwa hapo hatutozwi. Bibi kahamishiwa chumba cha nyuma na mguu wake mbovu, na kila akikohoa Mjomba anapiga kelele: "Kata! Mama, tafadhali!" Hebu fikiria, kumkemea mama yako kwa kukohoa nyumbani kwake.

Mwigizaji mkuu anaitwa Malkia. Si jina alilopewa na wazazi, amejipa. Hawezi kulia. Anaweza kukunja uso, anaweza kutetemesha mdomo, lakini chozi hakuna, jangwa tupu. Wakamletea kitunguu. Akasema kitunguu kinamharibia kope. Wakampaka dawa ya kuchua chini ya macho, akapiga chafya hadi jioni.

Mavazi yanashonwa na Mama Mdogo, dada yao Mama na Mjomba, wa mwisho kuzaliwa. Nimekuwa nikimdharau tangu utotoni na leo nimeongeza. Anamchekea Mjomba kila anachosema. "Kaka yangu ana kichwa!" Amejaa sindano na nyuzi kifuani kama mto wa pini uliopata miguu. Kila saa anatuhadithia kuwa mume wake, anayefanya kazi mbali, atarudi mvua zikiisha. Mvua zikiisha, mvua zikiisha. Wimbo wa taifa.

Jumatano, 12 Machi

Leo ilikuwa msiba. Katika hadithi (sasa ipo hadithi, iliandikwa ndani ya siku mbili kulifuata bango) mama wa Malkia anakufa, na waombolezaji wanakaa kwenye viti sebuleni kwa safu tatu. Mwombolezaji mmoja wa kukodiwa hakufika, kwa sababu ya mvua. Mjomba akatazama huku na huku, akamwona Mama Mdogo kashika pasi.

"Dada, vaa hiyo nyeusi. Kaa safu ya pili."

"Mimi? Nitafanya nini?"

"Hufanyi kitu. Unakaa tu, una huzuni."

"Haya, bwana mkubwa. Huzuni nitaitoa wapi na chai nimeshakunywa?" Watu wakacheka.

Mimi nami nikawekwa kiti cha pembeni yake kuziba pengo, nikiambiwa niinamishe kichwa. Hiyo naijua vizuri.

Kamera ilikuwa inamlenga Malkia na nyuso za nyuma yake. Mvua ikapiga bati mpaka tukawa hatusikilizani. Mjomba akaonyesha kwa mkono: endeleeni, endeleeni. Hapo simu ya Mama Mdogo ikatetemeka mapajani mwake. Nikaona jina la mume wake. Akainama, akaificha kwenye mtandio, akaipokea. Nadhani alitaka kusema niko kazini, nitakupigia. Hakupata nafasi. Alisikiliza. Kisha akanong'ona, nami nilikuwa karibu kuliko simu yenyewe:

"Kwa simu? Miaka yote hii, unaniacha kwa simu?"

Akasikiliza tena. "Haya. Hata nguo zako usifuate."

Akaiweka chini, akalia. Sijui niandikeje. Hakupiga kelele. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na machozi yakawa yanashuka tu, na hakuyafuta kwa kuwa aliambiwa asisogee. Mpiga picha alimwacha Malkia peke yake, akageuza kamera polepole mpaka kwenye safu ya pili, na akabaki hapo.

"Kata!" Mjomba alikuja mbio na kumkumbatia. "Dada! Kumbe! Umekificha wapi kipaji hiki?"

Watu wote wakampigia makofi. Malkia alipiga kwa vidole viwili. Mama Mdogo aliwatazama mmoja mmoja, halafu akatabasamu. "Damu ni moja, Kaka," akasema. "Kama wewe unaweza, mimi nishindwe?"

Kwenye uchochoro wa jikoni alinishika kiwiko. "Ulisikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Bibi yako asijue. Mguu unamtosha. Nitamwambia mwenyewe, siku yangu. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Mdogo kashona vifungo siku nzima na kutuambia mume wake atarudi mvua zikiisha.

Jumanne, 18 Machi

Sauti yote imeharibika. Bati na mvua vimemeza nusu ya maneno, na Mjomba anasema si neno, tutafunika kwa muziki wa huzuni, na maandishi yangu yatajaza kilichobaki. Nakaa chumba cha pili na kompyuta na vipokea sauti masikioni, narudia sekunde zilezile, natafuta sauti ya binadamu ndani ya mvua. Nakiri kwamba ninaipenda kazi hii. Masikio yangu ni makali. Mpiga picha alinipa sehemu iliyomshinda kabisa, nikampa sentensi nzima, akasema, "Huyu mtoto ana masikio ya popo." Ni mara ya kwanza mtu kunisifu kwa kitu ambacho si tabia njema.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Popo kazini.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemaliza msiba.

Jumatatu, 24 Machi

Ngoja niliseme kama lilivyokuwa, hata kama ni kwenye daftari. Siku ile ya Ijumaa nilifika kwenye uso wa Mama Mdogo. Chini ya mvua kulikuwa na mnong'ono, kidogo sana, kifaa cha kunasia sauti kilikuwa chini ya kiti chake. Mtu mwingine asingesikia kitu. Mimi nilikuwa nayajua maneno, na niliyasikia, na kanuni ya kazi niliyopewa ni moja: kila neno linalosikika liandikwe. Nikayaandika. Kwa lugha ya shule yalikaa vizuri sana, mafupi, mazuri kuliko yote niliyoandika. Niliyasoma mara tatu. Sikumfikiria yeye hata mara moja, nilifikiria sentensi.

Nilijiambia nitayafuta mwishoni. Leo nimekuta Mtu wa Soko kakaa kwenye kiti changu.

"Hii ni nini?" kaniuliza, kavua miwani. Kumbe ana macho madogo, kama ya mtu aliyeamshwa. "Huyu mama anaachwa kwa simu? Msibani? Nani kaandika hii?"

Nikatazama viatu vyangu. Akamwita Mjomba, akamwonyesha. Mjomba akasoma, akatazama uso wa dada yake kwenye kioo, akasoma tena. Nikaona ameelewa. Nikadhani sasa atakuwa kaka mtu.

"Inasikika?" akauliza.

"Haisikiki," akajibu Mtu wa Soko. "Inasomeka. Hiyo ndiyo tamu. Na ni kweli! Mzee, hatuna mwigizaji hapa, tuna ukweli. Ukweli hakuna mwenye duka anayeuza."

Nilisema, "Naomba nifute." Nadhani nilisema. Hakuna aliyegeuka.

Ijumaa, 28 Machi

Bango jipya. Malkia kaondolewa. Uso wa Mama Mdogo umejaa karatasi yote, na chini: MACHOZI YA KWELI. MAUMIVU YA KWELI. Mama Mdogo anadhani ni sifa ya uigizaji. Kabandika moja juu ya cherehani yake.

Malkia haongei na mtu. Hilo tu ndilo jema lililotokea wiki hii.

Ijumaa, 4 Aprili

Onyesho la majaribio, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi. Wameitwa wanunuzi, walimu, mabibi wa ofisini, watu wa kusoma kwa ujumla. Mtu wa Soko alikaa mbele lakini kageuzia skrini mgongo, ili awatazame watazamaji, na kila aliyepeleka leso usoni alimhesabu kwa kidole. Sijawahi kuona mtu akitazama wenzake wakilia kwa uso ule, kama muuza maziwa anayetazama ng'ombe.

Mama Mdogo alikuja na gauni la kijani alilojishonea, kanishika mkono, kakaa katikati ya ukumbi. Lugha ya shule haijui. Aliishia darasa la nne, wakamweka kwenye cherehani ili Mjomba aendelee kusoma.

Ikafika. Uso wake ukajaa ukutani. Muziki ukanyanyuka. Na chini yake, kwa herufi nyeupe, maneno yangu.

Ukumbi ulivuta pumzi. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, maana kila mtu alikuwa ameshaona gauni la kijani mlangoni. Walikuwa wanamsoma yeye sasa. Mama Mdogo akaona wanavyomtazama, akajiweka sawa kwenye kiti, na akawatabasamia. Kushoto na kulia, kama bibi harusi.

Mwanamke mmoja mnene wa safu ya mbele yetu alinyoosha mkono na kumshika bega. "Pole sana, dada yangu."

"Ahsante," akasema Mama Mdogo. "Ni kuigiza tu, jamani."

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi, akageuka mbele haraka.

Njiani, mvua ikituchapa, Mama Mdogo akaniuliza: "Yule mama kaniambia pole ya nini?"

Nikasema sijui.

Sijawahi kumdharau mtu kama ninavyomdharau anayeandika mistari hii. Mtu wa Soko angalau anajua anachouza.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimemwambia. Sikulala vizuri, asubuhi nikaenda kwake kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Alikuwa anapinda suruali ya mtu. Nilisema yote kwa mkupuo, nikiiangalia ile suruali.

Cherehani ikasimama.

"Wewe ndiye uliyeyaandika?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliyasikia."

Akakata uzi kwa meno. "Mimi hapa najua kiuno cha kila mtu mtaa huu. Aliyenenepa, aliyekonda kwa mawazo, aliyekuja kupanua gauni kabla mama yake hajajua kwa nini. Umewahi kunisikia nikikitaja?"

Nikaanza kulia.

"Usinililie!" kang'aka. "Machozi yameniletea balaa ya kutosha. Nipe ile kanga kule, nifunike hilo bango."

Jumapili, 6 Aprili

Tumekwenda ofisini pamoja. Mama Mdogo alimwambia Mjomba aitoe picha yake. Hakupandisha sauti.

"Dada," kasema Mjomba, "tukiitoa ile, inabaki nini? Inabaki Malkia na chafya. Nyumba ya Mama nimeifanya dhamana ya filamu hii. Unataka Mama akalale wapi?"

Hilo la nyumba nilikuwa silijui. Nadhani na Bibi hajui.

Mtu wa Soko akaingilia kwa sauti ya asali. Siku ya uzinduzi, kasema, filamu itasimamishwa baada ya msiba, taa zitawashwa, na Mama Mdogo atapanda jukwaani kusimulia. "Maneno machache tu, mama. Watu wanapenda ukweli. Na Bibi tutamweka safu ya kwanza, kamera imnase."

Mama Mdogo aligeuka kumtazama kaka yake. Mjomba akawa anatafuta kitu kwenye droo.

"Kaka. Mama akalisikie hilo ukumbini? Mbele za watu?"

"Atajivunia wewe," Mjomba akaiambia droo.

"Haya," kasema Mama Mdogo. "Nitasema."

Nilitaka kumtikisa. Hivyo tu! Haya! Maisha yake yote ameishi kwa neno hilo.

Alhamisi, 10 Aprili

Jioni Mama Mdogo kaja chumbani kwangu, kafunga mlango, kakaa kitandani.

"Hayo maandishi yako yanabadilika?"

"Yanabadilika."

"Nani anayakagua?"

Nikafikiri. Mjomba hasomi alichokwisha kukipenda. Mtu wa Soko husoma nyuso. "Hakuna."

Akaniambia cha kuandika. Nilicheka mpaka nikauma mto. Yeye hakucheka, alisubiri nimalize, halafu akanisomesha tena, taratibu, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. Sikiandiki hapa. Nimekwisha kuona maandishi yangu yanavyotembea.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kubwa, na ukumbi umejaa hata hivyo. Leso mlangoni, moja kwa kila tiketi. Bibi kabebwa kwenye kiti mpaka safu ya mbele, Mama pembeni yake. Wanawake halisi walikuja kwa wingi na, kusema kweli, hakuna hata mmoja aliyefanana na Mama Chozi wa ubaoni. Walikuwa wanacheka, wanagombania viti, wanaulizana nani kashona nini.

Mkanda mpya wa maneno niliupeleka mwenyewe chumba cha mitambo. Fundi akaniuliza, "Ndio wa mwisho huu?" Nikajibu kwa sauti inayosikika: "Ndio."

Msiba ukafika. Muziki ukanyanyuka, uso ukajaa ukutani, leso zikatolewa mapema kama mabakuli. Na chini yake, kwa lugha ya shule, pakasomeka: *Jamani, pini! Nani ameacha pini kwenye sketi hii?*

Mtu alichekea puani, upande wa kulia. Mwingine akamfuata. Mtu wa Soko, aliyekuwa kaipa skrini mgongo kama desturi yake, alikunja uso asielewe kinachoendelea. Kisha taa zikawaka, Mjomba akapanda jukwaani na kipaza sauti, na machozi yake mwenyewe tayari.

"Ndugu zangu, hamkuona mwigizaji. Mmeona mwanamke. Mmeona maumivu ya kweli! Karibu, dada yangu. Waambie siku ile ulikuwa unapitia nini."

Mama Mdogo akapanda na gauni lake la kijani. Alimtazama Bibi kule mbele. Akashika kipaza sauti kama anavyoshika mkasi.

"Nilikuwa nimekalia pini," akasema.

Leso zikabaki hewani.

"Mimi ni fundi cherehani. Ile nyeusi niliimaliza asubuhi ileile, haraka haraka, kaka yangu anapiga kelele. Nikasahau pini moja. Hapa." Akapaonyesha. "Kila nikivuta pumzi, inaingia. Nikasema nikisimama naharibu filamu ya Kaka. Nikakaa nayo."

"Na ile simu je?" akapaza mtu, mmoja wa wale wa kusoma, wa onyesho la majaribio.

"Nilikuwa namnong'oneza fundi mwenzangu nje: njoo unitoe! Akanijibu, mvua hii? Kaa humo humo."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mama mnene aliyempa pole. Aliyasoma maneno ya kwanza kwa macho yake. Alikuwa anajua. Alikitupa kichwa nyuma, akacheka kwa nguvu zake zote, akapiga mikono juu ya kiti cha mbele, na ukumbi mzima ukamfuata. Bibi alicheka mpaka akashikilia mguu. Watu walifuta machozi ya kicheko kwa leso za huzuni. Filamu ikaendelea, na tangu hapo kila Malkia alipotetemesha mdomo, mtu alipiga kelele kutoka gizani: "Pini!" Malkia aliondoka kabla hajafa kwenye hadithi.

Nimeandika mengi mabaya kuhusu watu katika daftari hili. Yule mama nimemtoa.

Jumapili, 13 Aprili

Mtu wa Soko katujia asubuhi na ubao mpya. Mama Chozi kafutwa. Kachora jibaba lenye kitambi, Baba Cheko. Filamu sasa ni kichekesho cha familia nzima, na wanunuzi wawili wamepiga simu. "Mimi nilijua tangu mwanzo," kasema. Nyumba ya Bibi haitauzwa, kwa hiyo sikusema kitu. Huyu hata umtupe shimoni ataibuka na tangazo la shimo.

Mjomba alimsubiri atoke, akamwambia Mama Mdogo, "Ungeniambia tu kwamba inakuuma hivyo."

"Ulisoma mwenyewe, Kaka. Ukauliza kama inasikika."

Mjomba kanitazama mimi. Mara hii sikutazama viatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Kwa Bibi viti bado viko safu tatu sebuleni. Hakuna aliyekumbuka kuvirudisha. Mama Mdogo alivuta kimoja, akakigeuza, akakaa kumkabili mama yake, magoti kwa magoti. Nilikuwa natoka. "Kaa," akaniambia.

"Mama, nimeachwa."

Bibi hakushtuka. Alisogeza mguu mbovu ili amkaribie. "Lini?"

"Siku ile ya msiba wa uongo."

"Ukiwa umekaa humu?"

"Humu humu."

Bibi akamshika mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja, kama anayekagua iwapo mtoto amenawa. Mama Mdogo hakulia. Bibi ndiye aliyelia, kidogo, bila sauti. Nikainamisha macho yangu. Kisha wakaanza kuongea, wakaongea mpaka chai ikapoa.

Niliyasikia yote. Siyaandiki.